Sura ya Mtu na Mkono wa Mchoraji: Maswali Yenu na Majibu

Maswali mengi niliyopokea safari hii yanahusu uchoraji wa sura za watu usiofuata umbo halisi moja kwa moja: shingo iliyorefushwa, macho yaliyokuzwa, uso uliopunguzwa hadi ikabaki mistari michache. Nayajibu kwa kadiri ya miaka yangu mbele ya turubai, na kwa yale niliyojifunza kwa waliotutangulia.

Nimechora sura za watu kwa miaka mitatu, na kila picha yangu inaonekana kana kwamba imechorwa na mtu mwingine. Nitaupataje mtindo wangu?

Zitoe picha zako zote, hata zile unazozionea haya, uzipange ukutani pamoja, kisha utafute jambo linalojirudia bila wewe kulikusudia. Mara nyingi jambo hilo utalikuta mahali ulipodhani umekosea. Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza, niligundua kwamba karibu katika kila picha mstari wa kope za juu nilikuwa nimeuvuta ukapita kona ya jicho na kuelekea sikioni, mzito kuliko mistari mingine yote usoni. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiufuta na kuufupisha, kwa sababu nilifundishwa kwamba jicho haliko hivyo. Siku nilipoacha kuufuta ndipo kazi ilipoanza, maana mstari ule ulidai mengine: ukiwa mzito namna ile, nyusi hazina budi kuwa nyepesi, mdomo upungue hadi kuwa kivuli tu chini ya pua, na sikio, lililokuwa likinichukua saa nzima, libaki mikato miwili ya brashi. Mtindo haukamiliki kwa alama moja unayoibandika kwenye kila uso. Hukamilika pale uamuzi mmoja unapolazimisha mwingine, hadi uso mzima ukawa unasema lugha moja.

Kama ukutani huoni kitu, mchore mtu mmoja mara 20, na kila mara uondoe jambo moja. Utakachoshindwa kukiondoa ndicho chako.

Je, ni lazima nijue kuchora sura kama ilivyo kabla ya kuanza kuibadilisha?

Naamini ni lazima, ingawa najua wapo wenzangu wanaofikiri vingine. Chukua mfano wa macho. Kwa mtu mzima anayetazama mbele, mstari wa macho hupita karibu katikati ya kichwa, yaani nusu ya urefu kutoka utosini hadi kidevuni; lakini anayeanza kuchora huyapandisha karibu na paji la uso, kwa sababu huzitazama nyusi, pua na mdomo akalisahau fuvu lililo juu yake. Anayeyapandisha bila kujua amekosea. Anayeyapandisha akijua huibadilisha pia taya, pua na shingo ili vikubaliane na macho hayo, na mtazamaji huihisi tofauti hiyo hata asipoweza kuieleza. Amedeo Modigliani, mchoraji wa Italia ambaye picha zake huonekana kana kwamba hakuwahi kufundishwa vipimo, alianza masomo ya uchoraji akiwa kijana Livorno, akaendelea Florence mwaka 1902 na Venice mwaka 1903.

Kila ninaporefusha shingo naambiwa namwiga huyo huyo Modigliani. Nifanye nini?

Jiulize shingo yako imetoka wapi. Ya kwake ilitoka kwenye jiwe. Alifika Paris mwaka 1906, akakutana na mchongaji Constantin Brâncuși, na kuanzia mwaka 1909 hivi hadi 1914 alijishughulisha zaidi na kuchonga vichwa vya mawe, virefu na vyembamba, huku akivitazama kwa makini vinyago vya Afrika na sanamu za kale. Aliporudi kwenye rangi, umbo lile alirudi nalo: pua inayoshuka kutoka kwenye nyusi kama iliyokatwa kwa patasi, na macho ya umbo la lozi ambayo mara nyingi hayana mboni. Kwake urefu ule ulikuwa na historia ya mkono wake mwenyewe. Kama wako umetoka kwenye picha zake tu, wanaokulaumu wana haki. Iga kwa kujifunza, ndiyo, lakini halafu nenda kwenye chanzo chako: pengine ni namna ya kufinyanga, kushona au kusuka uliyoizoea tangu utotoni, iliyofundisha vidole vyako umbo fulani kabla hujashika brashi.

Watu ninaowachora hulalamika kwamba picha haijawatoa. Je, kufanana ni jambo la lazima?

Inategemea umemwahidi nini mtu huyo, na afadhali mambo hayo yazungumzwe kabla hajaketi. Hata hivyo, kufanana hakukai mahali tunapodhani. Tunamtambua mtu tangu yuko mbali, kabla hatujaona rangi ya macho yake, kwa jinsi anavyoinamisha kichwa na jinsi mabega yake yanavyokaa. Ukivishika hivyo kwa uaminifu, unaweza kutia chumvi karibu kila kitu kingine.

Mchoraji Picasso alipomchora Gertrude Stein, mwandishi wa Kimarekani aliyeishi Paris, kuanzia mwaka 1905, Stein aliketi mbele yake mara 80 au 90 hivi kwa hesabu yake mwenyewe, na bado Picasso akakifuta kichwa chote. Baada ya kukaa Uhispania majira ya joto ya 1906 alirudi akakichora upya bila Stein kuwapo, uso ukawa kama kinyago, huku mwili mzito ulioinama mbele ukibaki kama ulivyokuwa. Nikiitazama picha hiyo naona ni mwili ule unaoubeba uso.

Je, ngozi lazima iwe na rangi ya ngozi?

La. Mwaka 1905 mchoraji Mfaransa Henri Matisse alimchora mkewe akiwa na mstari wa kijani uliogawanya uso katikati, naye mchoraji Amy Sherald wa Marekani huchora ngozi za watu wake Weusi kwa rangi za kijivu, kama alivyofanya kwa Michelle Obama katika picha iliyozinduliwa mwaka 2018. Chunga jambo moja tu: giza na mwanga vikikaa mahali pake, rangi yoyote itakubalika, vikiyumba, hata kahawia sahihi kabisa haitakuokoa.

Mtindo wangu umeshajulikana, na wanunuzi hawataki kingine, lakini mimi nimeuchoka. Niuache?

Usiuache kwa siku moja. Endelea na kazi ulizoagizwa, na kando yake uwe na daftari usilomwonyesha mtu, umchore humo kila siku mtu aliye hai mbele yako, bila kurefusha wala kupunguza. Uchovu huo, kwa nilivyouona kwangu, huja pale mchoraji anapoanza kuzichora picha zake za zamani badala ya kuuchora uso ulio mbele yake.