Mwanangu, kuhusu hiyo bajeti waliyokata

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma. Unauliza eti utabuni nini kipya kazini wakati bajeti imekatwa, timu imepungua na bosi bado anataka matokeo yaleyale. Hasira yako naielewa, ila ngoja nikwambie ninavyoona mimi mama yako.

Mtu akiwa na kila kitu mara nyingi anarudia alichozoea, manake hakuna kinachomsumbua akili. Angalia Apollo 13, safari ya wanaanga watatu wa Marekani, Aprili 1970, tangi la oksijeni lililipuka wakiwa njiani kwenda mwezini, wakahamia kwenye kile chombo kidogo cha kutua mwezini ambacho kilitengenezwa kwa watu wawili kwa siku kama mbili tu, na wao wako watatu na kurudi duniani ni karibu siku nne, sasa hewa chafu wanayoitoa ikaanza kujaa, vichujio vya akiba vipo kwenye chombo kikubwa ila ni vya mraba na matundu ya kile kidogo ni ya duara! Mainjinia huku chini wakachukua vitu vilevile tu ambavyo wale jamaa walikuwa navyo kule juu, mifuko ya plastiki, mipira ya kupitisha hewa ya nguo za anga, makaratasi magumu, tepu, wakaunganisha mpaka ikakubali, ndo wakawasomea maelekezo kwa redio. Wote watatu walirudi wazima.

Hata gemu la Space Invaders la 1978, kompyuta yake ilikuwa dhaifu, maadui wakiwa wengi wanasogea polepole, ukiwapunguza wanaongeza spidi, na mtengenezaji Tomohiro Nishikado akaiacha hivyohivyo, ikawa ndo utamu wenyewe wa gemu.

Kinachonigusa kwa wale mainjinia ni kwamba walijua kitu kimoja kinachotakiwa, hewa isafike, basi. Kwa hiyo we kabla hujaumiza kichwa kamuulize bosi, kati ya yote haya lipi lazima litoke na lipi linaweza kufa? Asipojibu hilo, kukatwa bajeti kutakuchosha bure. Ukishajua, kaeni na timu muorodheshe mlivyonavyo, hata vile mlivyovisahau stoo na ujuzi wa mtu ambao hautumiki.

Ila kukosa usingizi na kukosa mshahara mwanangu sio chachu ya ubunifu, hapo wanakunyonya tu, na usikubali mtu akupambie kwa maneno matamu. Kama ndo ilivyo niambie, tuanze kutafuta kwingine.

Mama yako