Kanga ni ustaarabu wa nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nasoma sosholojia chuoni, sasa niko likizo nyumbani. Nimepewa insha: je, utandawazi unaua ustaarabu wa pwani? Nilimtumia mwanasosholojia Norbert Elias, mhadhiri akanirudishia kazi, eti nimeandika adabu za mezani. Nimekosea wapi?
Msomaji, Dunda, Bagamoyo

JIBU: Ndugu msomaji, Elias hukumkosea, umemweka pasipo pake. Kazi ya Elias ya mwaka 1939 inaeleza jinsi watu wa Ulaya Magharibi walivyojifunza kujizuia na kuona haya, kadiri dola zilivyohodhi mabavu na kodi na watu wakazidi kutegemeana. Kwake ustaarabu ni mwendo wa mabadiliko ya muda mrefu. Insha yako inauliza juu ya mambo yanayoshirikiwa na jamii nyingi, na hapo wa kuanza nao ni wanasosholojia wa Kifaransa, Durkheim na Mauss. Mwaka 1913 waliandika kwamba zana, ufundi na hadithi huvuka mipaka ya mataifa kwa urahisi, ilhali taasisi za siasa na sheria husafiri kwa shida.

Tena neno lenyewe ni mtego. Ustaarabu asili yake ni kufanana na Mwarabu, nalo lilishika nguvu karne ya 19, enzi za masultani wa Unguja. Kabla ya hapo sifa ilikuwa uungwana. Aya ya kwanza iseme unakusudia maana ipi, la sivyo insha nzima itayumba.

Kisha shika kitu kimoja tu. Sisi tungeshika kanga. Ichambue pindo, mji (pambo la katikati) na jina (msemo ulioandikwa), kila kimoja peke yake. "Leso", jina lake jingine, ni neno la Kireno. Kitambaa kimechapwa Uingereza, Uholanzi, Uhindi, Japani. Kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968. Lakini jina ni la Kiswahili, na mnunuzi wa pwani ndiye hakimu: doti asiyoipenda hudoda dukani. Hapo mlete mwanasosholojia Roland Robertson, aliyeeleza jinsi mambo ya dunia nzima yanavyogeuzwa yafae mahali; aliazima neno la kibiashara la Kijapani, dochakuka, lenye asili ya kilimo: kuizoesha mbinu ya kulima udongo wa mahali.

Samuel Huntington, msomi wa siasa wa Marekani, je? Mwaka 1993 aliigawa dunia mafungu saba au manane ya ustaarabu; Uislamu fungu lake, Afrika fungu lake, tena hilo la Afrika kwa "huenda". Mama wa Bagamoyo aliyejitanda kanga akienda maulidini yumo fungu lipi? Usimtupe Huntington kwa hasira, kama wafanyavyo wengi. Onyesha anapokwama, alama ziko hapo.

Kwa ushahidi, waombe wanawake watatu wa rika tofauti wakutandazie kanga zao. Andika jina, nani alinunua na kwa shughuli gani, na maandishi madogo ya pembeni yanayomtaja mchapaji. Za zamani sana huwa na jina kwa hati za Kiarabu. Ukiikuta moja, omba uipige picha kabla haijakatwa nepi.