Maswali Yenu: Kampuni ya treni inauzaje nyumba?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Shemeji yangu ametoka Osaka, Japani, anasema kule kampuni ya treni ndiyo hiyo hiyo yenye duka kubwa, nyumba za kuuza na timu ya besiboli. Nauli haiwatoshi? Na sisi tulio jirani na stesheni ya SGR tutegemee nini? – Muuza vitenge, Pugu

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Shemeji yako amesema kweli. Zipo kampuni kadhaa za namna hiyo, ila nitakueleza Hankyu, maana ndiyo iliyowaonyesha wenzake njia.

Reli yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1910, kutoka Umeda, Osaka, hadi Takarazuka. Ilipita kwenye mashamba, abiria wachache. Kobayashi Ichizo, kiongozi wa kampuni aliyetokea benki, alinunua ardhi kando ya njia kabla treni haijaanza kupita, akajenga nyumba Ikeda na kuziuza kwa malipo ya kila mwezi ya miaka 10. Kila mnunuzi akawa abiria. Na ardhi ilipopanda bei, faida ikamrudia aliyejenga reli. Nauli peke yake isingefua dafu.

Tatizo likabaki moja: asubuhi wote wanakwenda mjini, treni za upande wa pili zinakwenda tupu. Akaweka burudani Takarazuka, mwisho wa reli. Bwawa la kuogelea la ndani lilikosa watu, maji yalikuwa baridi mno na wanaume na wanawake hawakuruhusiwa kuogelea pamoja. Basi wakalifunika kwa mbao, wakapanga viti juu yake, chumba cha kubadilishia nguo kikawa jukwaa. Mwaka 1914 wasichana wakaimba hapo, na kikundi chao kinajaza ukumbi mpaka leo.

Duka la Umeda lilifunguliwa mwaka 1929, palepale stesheni. Hali ya uchumi ilipokuwa ngumu, watu waliagiza wali mtupu kwenye mgahawa wa duka hilo na kuumwagia sosi ya bure iliyokuwa mezani. Wafanyakazi wakanung'unika. Kobayashi akasema wakaribishwe. Hapo nampenda sana.

Sasa Pugu. SGR yetu ya Tanzania ilianza kubeba abiria Juni 2024, na reli hii ni mali ya umma. Huku kwetu ikisikika tu kwamba stesheni inakuja, madalali wanawahi, viwanja vinapanda bei, na faida inaishia mifukoni mwao. Inaniuma. Natamani shirika letu la reli lishike ardhi ya kutosha kando ya kila stesheni, lijenge soko na fremu, na wapangaji wa kwanza wawe kina mama kama wewe. Kama una kiwanja chenye hati, usikubali bei ya dalali wa kwanza. Jenga fremu moja, pangisha, kiwanja kibaki chako.

Kuhusu besiboli: Hankyu waliiuza timu yao, Braves, mwaka 1988. Lakini waliungana na Hanshin, kampuni nyingine ya treni ya huko huko, mwaka 2006, kwa hiyo sasa Hanshin Tigers ni ya kwao.