Naanza na saa ya kufika

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Unataka kwenda kwa tanga hadi kisiwa usichowahi kukanyaga. Unaanzia wapi kupanga?" Najua wengi watajibu maji ya kunywa, jaketi okozi, chakula. Hivyo havina mjadala. Mimi kwanza hutafuta saa ya kufika, halafu nahesabu kurudi nyuma mpaka niipate saa ya kung'oa nanga.

Nichukue Pemba, kwa mtu wa Tanga mwenye mashua na hajawahi kuvuka. Kwenye ramani, Wete, bandari ya kisiwa hicho, iko mashariki ya Tanga moja kwa moja, chini kidogo ya maili 40 za bahari. Mgeni akitazama anaona mambo yamekwisha: toka bandarini, elekeza omo (pua ya mashua) jua linakochomoza, nenda. Asichokiona ni mkondo. Kati ya bara na Pemba maji hupanda kaskazini mwaka mzima, na kusi (upepo wa kutoka kusini) ikivuma huongeza kasi. Tuseme ni maili 2 tu kwa saa. Ukikaa humo saa 6 umeshasukumwa maili 12, na kutoka usawa wa Wete hadi Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya kisiwa, ni takriban hizo hizo. Utakipita kisiwa chote huku umeshika dira vizuri kabisa. Na kujirudisha kusini kwa tanga letu la pembe tatu, kusi ikiwa usoni, ni kubisha, yaani kwenda kishazari ukiukata upepo huku na huku, kutwa nzima.

Ndiyo maana ningeshuka kwanza Pangani, kwenye mdomo wa mto kusini ya Tanga, siku moja kabla, nikalala huko. Ukitokea Pangani, kusi inakukuta ubavuni, na mkondo ule ule uliokuwa adui sasa unakupandisha taratibu hadi usawa wa Wete. Njia ni ndefu zaidi, maili 45 hivi, lakini mashua inakwenda inavyopenda. Kwa mwendo wa maili 4 au 5 kwa saa, hesabu muda wa saa 9 hadi 11.

Sasa tuje kwenye kufika. Upande wa magharibi wa Pemba umezibwa na visiwa vidogo na miamba, na kuingia Wete unapita mlango ulio kati ya visiwa vya Fundo na Uvinje. Nje ya mlango huo bahari ni shimo. Bahari hii ya kati ya bara na Pemba ina kina cha zaidi ya mita 800, na chini yako hakuna pa nanga kushika hadi uwe karibu kabisa na mwamba. Kwa hiyo usijidanganye kwamba ukifika usiku utatia nanga nje ungoje kuche. Unatakiwa kuingia mchana, jua likiwa juu au limeanza kuinama nyuma yako, mtu mmoja amesimama omo akisoma rangi: buluu nzito pita, kijani punguza tanga, kahawia geuza bila kuuliza. Jua la asubuhi likiwa machoni, rangi zote hizo zinakuwa kioo kimoja. Na maji yawe yanajaa, maana ukigusa fungu wakati yanajaa unasubiri kidogo unaelea. Ukigusa yanapokupwa umelala hapo, na mashua imelala ubavu.

Hapo ndipo mwezi unapoingia. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na maji yakijaa na kupwa kuliko siku nyingine, pwani yetu hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu na saa 4. Basi mwezi mpevu, ukitoka mto Pangani saa 9 usiku, fungu la mdomoni limefunikwa, mbalamwezi ipo, na umande, upepo wa usiku utokao nchi kavu, unakusukuma. Unafika mlangoni kati ya saa 6 na saa 8 mchana, maji yanaingia, nawe unaingia nayo. Tarehe zangu ningezitafuta kwenye demani, Agosti hadi Oktoba, kusi ikiwa imepoa. Aprili sigusi. Juni na Julai nawaachia wenye haraka.

Hesabu zote hizi bado ni za mezani, kwa hiyo nenda ufukweni ukamtafute nahodha anayevuka mara kwa mara. Shikamoo yake, kahawa, ndipo uulize. Usimuulize kama Pemba ni mbali, kwa sababu kwake si mbali. Muulize akichelewa hulala wapi, na ni upande gani wa mlango asiousogelea. Jibu la swali la pili mara nyingi huchorwa mchangani kwa kidole; piga picha.

Mengine haraka haraka: utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa asubuhi na jioni ya siku ya mwisho, vitambulisho vya kila mtu, bandarini wajue mko wangapi, redio chaneli 16 (ya wito na dharura), na ukishuka Pemba jitambulishe kwa sheha, kiongozi wa eneo. Watu wachache kuliko nafasi. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba hiyo hiyo, imejaza kupita kiasi, na ile ilikuwa meli.

Kurudi usipange Pangani. Kusi na mkondo vinapanda kaskazini, kwa hiyo rudi Tanga, ila shika omo kusini kidogo ya Tanga, mkondo usikupitishe.

Na kabla ya kuondoka, andikeni kwenye karatasi, wote mkiwa mmekubaliana: saa 6 mchana ikifika na zimebaki zaidi ya maili 20, tunageuza. Kwa mwendo wa maili 4 hizo ni saa 5 nyingine, yaani mlangoni saa 11 jioni, maji yameanza kutoka na jua linaelekea kuzama. Mkigeuza, upepo unakuwa nyuma, na hata mkichelewa mkaingia Tanga usiku, Tanga ni bandari mnayoijua.