Kiingereza anza mkiani: jinsi ya kulipata neno ndani ya herufi

Herufi zangu zilikuwa G, N, A, D, R, E na I. Nilizikodolea macho kama dakika tatu hivi, nikaweka GRAIN kwenye ubao wa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi, nikaridhika. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenifundisha mchezo huu barazani kwetu Mombasa, hakusema kitu mpaka tulipomaliza. Hapo akazikusanya herufi zile zile saba, akavuta I, N na G akazisogeza kulia kabisa, akaacha nafasi ya kidole kimoja. Kushoto zikabaki A, D, E na R.

"Haya, hizo nne zakupa nini?"

READ. Kumbe READING ilikuwa mikononi mwangu muda wote! Ukiweka herufi saba kwa mpigo unaongezewa pointi 50, na mimi nilikuwa nimezitupa.

"Mpwa wangu, wewe waanza kichwani," akaniambia. "Kiingereza anza mkiani."

Nimecheza miaka mingi tangu siku ile na bado sijapata ushauri uliouzidi huo. Sisi tuliolelewa kwa Kiswahili tumezoea neno kubadilika mwanzoni: mtu, watu, kitu, vitu, anasoma, tutasoma, hawakusoma. Kweli tuna somesha na somwa, lakini jicho letu hukimbilia kushoto kwanza. Kiingereza mabadiliko yake mengi yako kulia: ING, ED, ER, EST, LY, NESS, TION, na ile S ya wingi. Kwa hiyo kabla hujatafuta neno lolote, tafuta mkia. Ukiuona, usogeze kando, ushughulike na zilizobaki. Herufi nne zinapangika kwa njia 24 tu, ilhali saba tofauti zina njia 5,040. Akili hupumua.

Kuna mtego mwingine ambao sijaona ukitajwa kwenye vitabu vya mchezo huu, labda kwa sababu haumnasi Mwingereza. Tukiona N na D, au M na B, au N na G, sisi tunawaza ndugu, mbuzi, ngoma. Tunaziweka mbele. Kwa Kiingereza jozi hizo hukaa nyuma: HAND, LAMB, SONG. Nilipoanza kuzihamishia mwisho wa neno kwa makusudi, maneno yalianza kujitokeza yenyewe. (Yapo machache yanayoanza nazo, kama NGOMA na MBIRA, yaliyotoka kwetu Afrika.) Vivyo hivyo irabu. Karibu kila neno letu huishia na irabu, basi mkono huenda wenyewe kuweka A au I mwishoni. Uzuie. Kiingereza hakioni taabu kufunga neno kwa CK, GHT au NGTH, na kina maneno kama MYTH na RHYTHM ambayo Y ndiyo inayobeba kazi ya irabu.

Mikia inafundishika. Wellington Jighere wa Nigeria alipokuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, mjini Perth, Australia, mwaka 2015, neno lake lililovuma ni FELTY. Litazame: FELT, kitambaa kizito cha sufu iliyoshindiliwa, kisha mkia Y.

Sasa daftari. Chukua herufi A, I, L, M kwa Kiswahili: mali, mila, lima, imla. Maneno manne, herufi zile zile. Daftari langu nimelipanga hivyo kwa Kiingereza. Kila neno jipya naandika kwanza herufi zake kwa mpangilio wa alfabeti, kisha mbele yake neno lenyewe. Chini ya AELRST nina ALERTS, ALTERS, SLATER, STALER. Nikiwa mezani nikapata herufi hizo zimevurugika, nazipanga kialfabeti kwenye kibao changu cha kushikia vipande na mstari ule unarudi kichwani kama namba ya simu ya nyumbani. Wachezaji wakubwa hujifunza hivyo hivyo, na kwangu imesaidia kuliko kusoma kamusi kuanzia A.

Usipoteze muda kukariri maneno ya J na Z kwanza. Alfred Butts, Mmarekani aliyebuni mchezo huu miaka ya 1930, alihesabu herufi kwenye magazeti ili ajue zipi hutumika sana. Ndiyo maana kati ya vipande 100 kuna E 12, lakini J moja na Z moja. Anza na maneno yenye E, A, I, N, R, S, T. Kisha kariri ya herufi mbili mbili, yako zaidi ya 120 kwenye orodha ya Collins, ile ya maneno yanayokubaliwa mchezoni katika nchi nyingi. QI peke yake imeniokoa mara nyingi nilipobaki na Q bila U. Marekani na Kanada wana orodha yao, basi kubalianeni mapema mnatumia ipi.

Zipo tovuti unazoandika herufi zako, ukaweka alama ya kuulizia pale pasipojulikana, zikakupa maneno yote. Mimi nazitumia, ila baada ya mchezo, na baada ya kuhangaika kwa macho yangu dakika tano nzima. Neno nililolitafuta nikalikosa, nikija kuonyeshwa, halinitoki tena. Ndivyo nilivyolipata GRAINED. Lilikuwa ndani ya zile saba za siku ile, na tovuti ilinionyesha miaka mingi baadaye. Nilimpigia mjomba usiku ule ule. Akanyamaza kidogo, akacheka, akasema hata yeye hakuwa ameliona.