Jicho baada ya mionzi: jiandae kwa mwaka wa pili

Jicho langu lilipotibiwa melanoma, aina ya saratani, kwa mionzi, niliendelea kusoma nalo vizuri kwa muda mrefu. Uoni ulianza kushuka baadaye, wakati ndugu na marafiki walishaacha kuuliza habari zake. Nilikuwa nimeelezwa mapema kwamba huenda ikawa hivyo, na maelezo hayo yalinisaidia kuliko pole zote nilizopewa. Kama unakaribia kutibiwa au umetoka kutibiwa juzi, naomba nawe uyapate.

Mionzi huua seli za uvimbe, lakini pia huumiza vijishipa vya damu vya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na huviumiza polepole. Vingine huvuja, vingine huziba. Dalili mara nyingi hujitokeza kati ya miezi 6 na miaka 3 baada ya tiba. Maji yakijikusanya kwenye makula, ile sehemu ya retina tunayoitumia kusoma na kutambua nyuso, mistari huanza kupinda na herufi za katikati hufifia.

Kwa hiyo kabla ya tiba muulize daktari: uvimbe uko umbali gani kutoka makula na mshipa wa fahamu wa jicho, na una unene kiasi gani? Majibu hayo ndiyo yanayoashiria hali ya uoni wako baadaye. Mtaje pia kisukari au shinikizo la damu kama unavyo, maana huongeza hatari.

Utafiti wa melanoma ya jicho wa Marekani uitwao COMS, ulioanza kuandikisha wagonjwa mwaka 1987, ulilinganisha kung'oa jicho na kuliwekea kisahani chenye iodini-125, iodini inayotoa mionzi, kwa uvimbe wa ukubwa wa kati. Uwezekano wa kuishi ulikuwa sawa kwa makundi yote mawili. Lakini waliowekewa kisahani, karibu nusu walipoteza sehemu kubwa ya uoni wa jicho hilo ndani ya miaka 3. Takwimu hizo ni za kabla ya sindano za leo, basi zichukue kama tahadhari, zisikukatishe tamaa.

Sindano zenyewe huchomwa ndani ya jicho baada ya ganzi. Dawa kama bevacizumab au aflibercept hupunguza kuvuja kwa mishipa. Niliziogopa sana. Kwangu maumivu yalikuwa madogo kuliko hofu, ingawa jicho hubaki likiwasha hadi kesho yake. Zinafanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema, kabla makula haijachakaa, na hapo ndipo wengi tunapochelewa: jicho lenye afya hulifichia lenzake kasoro. Nyumbani, funika jicho lenye afya, utazame karatasi yenye miraba kwa lile lililotibiwa. Mistari ikipinda au ikikatika, piga simu kliniki bila kungoja miadi.

Madhara mengine ni mepesi zaidi. Ukavu wa jicho hutulizwa na matone. Kope huweza kupukutika. Kuona vitu viwiliviwili hutokea kwa kuwa daktari huweza kulegeza msuli wa jicho ili kisahani kikae, na mara nyingi huisha. Mtoto wa jicho akija, kwa kawaida huweza kufanyiwa upasuaji. Ila maumivu makali yanayoambatana na wekundu, mimweko ya mwanga, au kivuli kama pazia kinachoshuka ni mambo ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu presha ya jicho inaweza kuwa imepanda au retina inabanduka.

Jicho moja likififia, kukadiria umbali huwa kazi. Gusisha mdomo wa chupa kwenye ukingo wa glasi kabla ya kumimina. Shika reli ya ngazi. Waombe watu watembee upande unaoona, na usiendeshe gari mpaka daktari apime uoni wako. Jambo ninalolisisitiza kwa kila mtu ni miwani ya lenzi za polikaboneti, plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi, hata zisizo na namba, kwa ajili ya kulinda jicho lililobaki.

Usiache pia vipimo vya ini. Melanoma ya jicho ikisambaa, mara nyingi huanzia huko, na uoni mzuri hausemi lolote kuhusu hilo. Mimi huomba tarehe ya kipimo cha ini kabla sijatoka kliniki ya macho, hata siku ambazo jicho halina shida yoyote.