Je, chumvi ilibadilishwa na dhahabu kilo kwa kilo? Jibu kwa mwalimu wa historia

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mi nafundisha historia sekondari. Kwenye noti zetu za biashara ya kuvuka Sahara imeandikwa kwamba enzi za dola za Ghana na Mali chumvi ilikuwa na thamani sawa na dhahabu, kilo kwa kilo, tena walikuwa wanabadilishana kimya kimya bila kuonana. Mwanafunzi kaniuliza, sasa hapo walikuwa wanapimaje na nani alikubali kula hasara? Nikakosa jibu. Naomba ufafanuzi, na kama kuna hesabu uiweke.

JIBU: Salama mwalimu. Huyo mwanafunzi mpe hongera, maana ukishauliza nani anakula hasara hiyo stori ya kilo kwa kilo inaanza kuyumba. Jibu fupi ni hapana, chumvi haikuwa inauzwa hivyo, na bahati nzuri tunazo bei zilizoandikwa na mtu aliyesafiri na mzigo wenyewe.

Mtu huyo ni Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, yule yule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Mwaka 1352 alitoka Sijilmasa, kusini mwa Moroko, na msafara wa wafanyabiashara, wakatembea siku 25 mpaka Taghaza, katikati ya jangwa, kwenye machimbo ya chumvi. Anasema nyumba za pale na msikiti vilijengwa kwa mabamba ya chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia, na mti haupo hata mmoja. Chumvi inakatwa ardhini ikiwa mabamba mazito, ngamia mmoja anabeba mawili. Halafu anatoa bei, na hizi naomba uziandike ubaoni: mzigo wa ngamia mmoja ukifika Walata, mji wa ukingo wa kusini wa jangwa, unauzwa mithkali (kipimo cha uzito wa dhahabu) 8 hadi 10, ukifika mji mkuu wa Mali unauzwa 20 hadi 30, na mara nyingine unagonga 40.

Sasa tupige hesabu. Mithkali moja ni kama gramu 4.25 za dhahabu. Ngamia wa msafara anabeba kilo 130 hadi 150 hivi, tuchukue 130. Pale Walata mithkali 10 ni gramu 42.5, yaani kilo 3 za chumvi kwa gramu 1 ya dhahabu. Mji mkuu wa Mali mithkali 30 ni gramu 127 na ushee, kwa hiyo kilo 1 ya chumvi inapata kama gramu 1 ya dhahabu. Hata siku ile bei imepanda mpaka 40 bado ungetoa kilo zaidi ya 750 za chumvi upate kilo 1 ya dhahabu. Ni bei kubwa sana kwa chumvi, lakini kilo kwa kilo haifiki hata kwa mbali.

Hiyo stori yenyewe ilitoka wapi? Haikubuniwa na walioandika noti zenu. Abu Hamid al-Gharnati, msafiri wa Andalusia (Hispania ya Waislamu) wa karne ya 12, aliandika kwamba chumvi inauzwa uzito kwa uzito na dhahabu au hata zaidi, na al-Umari wa karne ya 14 ana simulizi ya watu wa mbali kabisa wanaoweka rundo la dhahabu mbele ya rundo la chumvi. Lakini wote wawili walisimuliwa tu. Al-Umari alikuwa anaandika akiwa Misri na Shamu, na kwa mambo ya ikulu ya Mali namwamini sana kwa sababu aliwahoji watu waliokaa kule, ila hapo kwenye marundo anasimulia habari ya watu ambao hata hao mashahidi wake walikuwa wanawasikia kwa mbali.

Kitu ambacho mi ningependa wanafunzi wakishike ni hiki: walichokuwa wananunua watu wa Mali kwa sehemu kubwa ni usafiri. Bei imepanda mara 3 kati ya Walata na mji mkuu, na mwendo huo ni siku 24 kwa mtu anayejikaza. Na hapo bado hujaingia ukanda wa mvua wenye mbung'o ambako ngamia haishi, inabidi mzigo uhamie kwa punda, mitumbwi ya mto Niger, na mwishoni vichwani mwa watu. Cadamosto, Mtaliano wa Venice aliyesafiri kwa ajili ya Ureno, alisimuliwa mwaka 1455 kwamba chumvi ikifika Mali inavunjwa vipande vya mtu kubeba kichwani na wapagazi wanaenda nayo kwa kundi kubwa. Ni kama saruji, bei ya mfuko kiwandani Dar na bei ya mfuko huo huo Kigoma haziwezi kufanana.

Na huko nyuma jangwani gharama ni kali zaidi. Kutoka Taghaza kuna siku 10 bila maji. Msafara wa Ibn Battuta ulimkodi mtu mmoja wa kabila la Masufa, wanamwita takshifu, atangulie peke yake Walata na barua ili watu watoke kuwalaki na maji mwendo wa siku 4, na huyo mtu akifia njiani msafara mzima unaweza kuangamia. Walimlipa mithkali 100. Yaani mshahara wa mjumbe mmoja ni sawa na bei ya mizigo 10 ya ngamia pale Walata! Na wachimbaji wenyewe walikuwa watumwa wa Masufa, wanakula tende kutoka Dar'a na Sijilmasa, nyama ya ngamia, na mtama kutoka kusini, chakula kikichelewa wanakufa, msafiri Leo Africanus aliliandika hilo karne ya 16. Naomba hao wasiachwe nje ya somo, kwa sababu kila bamba lililofika sokoni limepita mikononi mwao.

Kuhusu kupima: chumvi ilihesabiwa kwa mabamba na mizigo. Al-Bakri, mwanajiografia wa Andalusia, mwaka 1068, anasema mfalme wa Ghana alitoza dinari 1 (sarafu ya dhahabu) kwa kila mzigo wa punda wa chumvi unaoingia na dinari 2 ukitoka, kwa hiyo mtoza kodi anahesabu punda, hahitaji mizani. Mizani ni ya dhahabu, maana ile vumbi ya dhahabu lazima ipimwe, na madonge makubwa ya dhahabu yalikuwa mali ya mfalme, raia wanabaki na vumbi. Kwa manunuzi madogo chumvi ilikatwa vipande ikatumika kama chenji, na kulikuwa pia na kauri (simbi za baharini) kutoka Maldives, ambazo Ibn Battuta aliziona Mali na Gao zikienda 1,150 kwa dinari moja wakati kule Maldives dinari moja ilikupa 400,000 au zaidi. Umbali tena huo.

Biashara ya kimya mimi siiamini kama utaratibu wa kawaida. Herodoto, mwanahistoria Mgiriki, aliisimulia karne ya 5 kabla ya Kristo kuhusu watu wa Carthage, Afrika Kaskazini, na baadaye kila mwandishi anaihamishia sehemu nyingine. Waliokuwa wanaleta dhahabu kutoka machimbo ya Bambuk na Bure ni Wangara, wafanyabiashara wenye lugha, ndoa na madeni na watu wa kule, hawakuhitaji kujificha. Ila kuwaacha Waarabu waamini kwamba kule hakufikiki kuliwafaa sana. Upande wa kaskazini nako kulikuwa na mpangilio wa maana: ndugu watano wa ukoo wa al-Maqqari, wawili wakiwa Tlemcen (Algeria ya leo), mmoja Sijilmasa, wawili Walata, yule wa Sijilmasa anawaandikia wenzake bei zinavyopanda na kushuka.

Sasa nani alikula hasara? Naona hakuna. Kwa mtu wa Bure dhahabu ipo, anaichimba na kuichekecha kiangazi shamba likiwa limelala, lakini chumvi hana. Na dhahabu nayo bei yake haikuwa moja siku zote: kabla ya Mansa Musa, mfalme wa Mali, kupita Cairo mwaka 1324 mithkali haikushuka chini ya dirhamu 25 (sarafu za fedha), baada ya msafara wake kumwaga dhahabu pale ikawa haizidi 22, na al-Umari anasema miaka 12 baadaye hali ilikuwa bado hivyo.

Kwa darasa wape zoezi hili: mtu ana ngamia 10 wa chumvi, auze Walata au aendelee siku 24 mpaka mji mkuu? Wape bei zile, kodi, punda wa kukodi, na uwaachie wabishane.